Chupa Tano Zilizorudi Nzima

Ting.

Kioo kiligusa jiwe, mara moja tu, pale mlangoni. Nje kulikuwa bado giza, na jengo zima lilikuwa limelala isipokuwa mabomba ya joto yaliyokoroma ukutani. Berthe Ngoy, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni tangu saa kumi na moja alfajiri, alitazama saa yake, akaandika kwenye daftari: kumi na moja na dakika arobaini.

"Umesikia?" alinong'ona Keren, aliyemtunza bibi wa nyumba hii. "Njo hiyo, maman Berthe. Kila asubui, ile ile saa."

Magurudumu ya kigari cha kutembelea cha bibi yalirudi polepole kwenye korido. Ndala ziliburuzika, kitanda kikalia, kisha kimya.

Berthe alisubiri kidogo, halafu akafungua mlango wa nyumba. Juu ya kizingiti ilisimama chupa ndogo ya kioo iliyooshwa hadi ikang'aa. Ilikuwa tupu. Mdomo wake ulifunikwa kwa kipande cha karatasi nyeupe, na karatasi ilifungwa kwa uzi. Berthe hakuigusa. Alipiga magoti, na magoti ya miaka sitini na tatu hayapendi kazi hiyo, akaipiga picha yote, kisha fundo peke yake. Lilikuwa fundo la ajabu. Vitanzi viwili vilipishana kutoka kushoto, na ncha ya uzi ilirudishwa chini kama mtu anayeficha mkono mfukoni.

"Nani alimufundisha kufunga hivi?"

"Sijue. Hata viatu yake anafunga vile. Nikimufungia miye, anafungula, anaanza upya."

"Na hii chupa inaenda wapi?"

"Haiendi fasi. Saa mbili miye naitosha, naiweka jikoni. Haulizi. Kesho anaiweka tena."

Keren alikuwa mwanamke wa Lubumbashi, wa miaka arobaini na moja, mama wa watoto watatu. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao. Siku tisa zilizopita, bibi anayemtunza hapa Ganshoren, kitongoji cha Brussels, alikuwa amesukuma sahani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba yeye ni muuaji, aliua mtoto, na hatakula tena mpaka mtu wa serikali aje kuandika. Keren alipiga simu polisi. Afisa aliuliza ni mwaka gani, akasikia elfu moja mia tisa thelathini na nne, akamtakia siku njema. Padri alikuja na mafuta matakatifu; bibi alimgeuzia mgongo. Daktari wake, Manon, alimpima mapigo ya moyo, akamvuta Keren kando: kwa mwendo huu, wiki moja.

Jumapili baada ya misa Keren alimfuata Berthe. Alijua, kama walivyojua Wakatanga wote wa parokia ile, kwamba maman Berthe alifanya upelelezi katika polisi ya Brussels miaka ishirini na sita, na kwamba baada ya pensheni alibaki na kibali chake cha upelelezi na tabia yake ya kuuliza maswali.

"Maman," alikuwa amemwambia, "nikifika pale siku moja nimukute amekufa na hiyo neno mu roho, miye nitafanya nini?"

Sasa Keren alichukua soksi za bibi kutoka juu ya kipasha joto, alikoziweka tangu alipoingia ili zipate moto, akazikunja moja ndani ya nyingine. Hakuna aliyemwagiza.

*

Saa mbili mwanga wa Novemba uliingia chumbani. Greta Maes aliegemea mito mitatu. Alikuwa na miaka tisini na saba. Ishirini na nane kati ya hiyo aliimaliza kule Likasi, mji wa migodi wa Katanga ambao bado aliuita Jadotville, akipima watoto wachanga kwenye kliniki za kambi za wafanyakazi. Kiswahili alichojifunza kutoka kwa akina mama wa foleni ya mizani kilikuwa hakijamtoka. Siku hizi kilimjia upesi kuliko lugha za kwao.

Berthe naye alizaliwa Likasi. Hakulisema hilo.

"Weye njo polisi?" Greta aliuliza.

"Nilikuwa polisi, maman. Sasa niko na pensheni."

"Polisi ya kizee kwa muuaji ya kizee. Bon. Andika."

Berthe alifungua ukurasa mpya, akaandika tarehe juu, kama alivyofundishwa. "Jina ya mwenye alikufa?"

"Constant Maes. Ndugu yangu. Alikuwa na miezi ine."

"Weye ulikuwa na miaka ngapi?"

"Sita."

Kalamu ilisimama, kisha ikaendelea. "Ulimuua na nini?"

"Na maji."

Akasimulia, na Berthe hakumkatiza. Mama yao hakuwa na maziwa. Kliniki ya mtaa ilitoa ya chupa, maziwa yaliyochemshwa na kupimwa: chupa sita kwa siku ndani ya kikapu cha waya, kila moja kwa mlo wake. Kila mdomo ulifunikwa kwa karatasi safi iliyofungwa kwa uzi. Asubuhi Greta alikwenda kuzichukua, na kesho yake alirudisha zile tupu. Kila Jumanne mama alimpeleka mtoto kwenye mizani. Basi asubuhi ya Mtakatifu Nikolasi, siku ambayo watoto wa Ubelgiji hupata peremende na biskuti, dirisha la duka la mikate lilijaa vitu vitamu. Greta alikimbia kwenda kutazama. Kikapu kiligonga ukuta. Chupa moja ikalala, karatasi ikafunguka, maziwa yakaenda kwenye mtaro.

"Haikuvunjika?"

"Hapana. Maziwa tu njo ilimwangika. Nilifungula zile tano, nikatosha kidogo kidogo, nikatia mu ile yenye ilimwangika. Halafu nikajaza zote sita na maji ya pompe ya uwanja. Maji ya kuoshea ndoo. Nikafunga karatasi yote, nikapeleka ku nyumba. Mama akachukua ya kwanza, akamupa."

"Uliona anakunywa?"

"Yote. Alikuwa na njaa."

"Halafu?"

"Kesho yake alikufa."

Berthe aliinua macho. "Kesho yake kabisa?"

"Kesho yake. Batu bote ndani ya nyumba banavaa nyeusi."

Berthe aliandika *kesho yake*, akaweka alama ndogo ya kuuliza pembeni. "Ile siku ya Mtakatifu Nikolasi, kuko muntu mungine alikuya ku nyumba?"

"Mademoiselle Thérèse. Muuguzi ya kutembelea bamama. Alikuya saa sita, na kikapu yake. Mama alikuwa chini, anafua. Mademoiselle alitazama chupa zetu juu ya meza. Miye nikasema mu roho: sasa nimekufa. Lakini hakusema kitu. Aliinama, akatazama viatu yangu mingi, mingi sana. Halafu akanifunga kamba muzuri, akanipapasa kichwa." Greta alifumba macho. "Alijua. Alingojea nikubali miye mwenyewe. Miaka tisini na moja, sikukubali."

"Mama yako alijua?"

"Sikumwambia. Lakini kila mwaka, ile siku alikufa, mama alikuwa halali usingizi. Nilimusikia mu chumba anasema, *pardon, Constant, pardon.* Nilijua anasema kwa nguvu juu miye nisikie. Alikuwa ananifungulia mulango. Sikuingia."

Keren, aliyesimama mlangoni na bakuli la uji, alitazama sakafu.

"Na ile chupa ya kila asubui, maman? Ni ya nini?"

Greta aligeuza uso kuelekea ukutani. "Ile haiko mambo ya polisi."

"Kula kijiko kimoja, basi."

"Nitakula pale utaandika kama ni miye niliua, na utie sahihi."

"Na nikikuta haikuwa weye?"

"Niko nakuambia ni miye."

*

Nyaraka za kliniki ile, iliyofungwa zamani, zilikuwa kwenye chumba cha chini cha jengo la manispaa. Kila Jumatano zililindwa na mzee wa kujitolea aitwaye Dirk. Alikuwa padri mwalimu kule Kolwezi miaka ishirini na miwili. Sasa alikuwa na kikohozi, fulana mbili, na taa ya mezani aliyoileta kutoka kwake kwa sababu ile ya manispaa iliumiza macho ya wasomaji.

"Jambo, maman Berthe. Nilikutafutia sanduku tatu tangu ulinipigia simu asubui. Moja, panya walisoma mbele yetu. Mbili ni muzuri."

"Jambo, père. Ungali hai?"

"Vumbi inanihifadhi, kama nyama ya chumvi."

Alimvutia kiti chenye mto, yeye akachukua kisicho na mto. Berthe alivaa glavu za pamba. Daftari la kwanza lilikuwa la mizani, mwaka 1934 hadi 1935. Kila mtoto alikuwa na nambari. Kila Jumanne ilikuwa na safu yake. Maes, Constant: nambari thelathini na moja. Alipitisha kidole hadi mwisho wa mstari. Msalaba mwekundu. Akatazama juu na chini ya ukurasa, na kidole kikasimama.

"Misalaba mitano," alisema. "Mwezi mmoja, Januari. Mtaa mmoja."

Dirk alivaa miwani. "Mitano! Maman, hiyo si mutoto mumoja na maji kidogo. Hiyo ni maziwa ya kliniki yenyewe. Chungu moja ya kuchemshia ikiharibika, unamaliza mtaa muzima. Na hawakusema kitu! Ni kashfa, hii."

Lilikuwa jibu zuri, na Berthe alitamani liwe la kweli, maana lingemtoa bibi kitandani siku hiyo hiyo. Ndiyo maana aliliogopa. Alirudi kwenye ile misalaba mitano akasoma kila mstari kuanzia mwanzo, pamoja na ile safu nyembamba ambayo macho huiruka.

"Père, hii herufi ndogo pembeni ya jina ni nini?"

"S ni *sein*, mutoto ananyonya mama. B ni *biberon*, mutoto wa chupa."

"Basi soma hii misalaba."

Dirk alisoma. Mabega yake yakashuka. "S. S. S. B, huyo ni wako. S."

"Wane hawakuonja hata tone la maziwa ya kliniki, na walikufa. Na watoto wa chupa walikuwa wangapi?"

Alihesabu. "Kumi na sita."

"Kumi na tano walikunywa maziwa yale yale, na waliishi. Si maziwa, père. Ni kitu kinachopita hewani."

Walikipata kwenye ukurasa uliofuata, kwa mkono wa daktari: *coqueluche*. Kifaduro. Kikohozi kile kinachomkaba mtoto hadi anakuwa wa bluu. Dirk aliitoa miwani yake, akaifuta, na kuifuta tena. Kule Kolwezi alikuwa amezika watoto wengi wa kifaduro.

"Lakini kwanza tarehe," Berthe alisema. "Mtakatifu Nikolasi ni tarehe sita Desemba. Bibi anasema kesho yake mutoto alikufa. Kitabu inasema nini?"

"Tarehe nne: gramu elfu tano na arobaini. Tarehe kumi na moja..." Dirk alisogeza taa. "Elfu tano mia mbili na kumi."

"Ameongezeka."

"Gramu mia moja sabini. Mutoto anashiba huyu! Tarehe kumi na nane, hakuja. Halafu Noeli, imefungwa. Mwaka mupya, imefungwa. Msalaba ni tarehe kumi na moja Januari."

Mwezi mmoja na siku tano. Mtoto wa miaka sita alikuwa amezifunga siku mbili kwa uzi mmoja, na fundo halikufunguka maisha yake yote.

Hapo mpelelezi mwingine angefunga daftari. Berthe alivuta sanduku la pili. Kitu kimoja kilikuwa kinamkera: yule muuguzi aliyetazama viatu.

Daftari la ziara lilikuwa dogo, la kuingia mfukoni, na mwandiko wa Thérèse ulisimama wima kama mtu mwenye haraka na adabu. Berthe alitafuta siku ile, akasoma kwa sauti, akitafsiri polepole:

"*6 Desemba, saa sita. Nambari 31. Chupa tano zimevunjika mkononi mwangu. Nimetoa nyingine tano kliniki na kuzipeleka mwenyewe.*"

Chini yake, kwa wino mwekundu, mkono mwingine: *Ni uzembe. Usirudiwe.*

"Maskini," Dirk alisema. "Alianguka ku ngazi, labda."

"Chupa zilikuwa juu ya meza ya jikoni, père. Bibi aliziona. Hakuna muntu alianguka. Kuko daftari ya chupa?"

Lilikuwepo, na lilinuka sabuni ya zamani, au Berthe alidhani hivyo. Aliyeliandika alikuwa mwoshaji, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu kioo na si kingine. Safu tatu: zilizotoka, zilizorudi, zilizovunjika. Tarehe sita zilitoka chupa tisini na sita, watoto kumi na sita mara sita. Saa sita mchana zikaongezwa tano. Jumla mia moja na moja.

"Zilizorudi kesho yake?"

Dirk alisoma, akasoma tena. "Mia moja na moja."

"Zilizovunjika?"

"Sufuri."

Berthe aliegemea kiti. "Mademoiselle Thérèse alivunja chupa tano, na zote tano zikarudi nzima."

"Donc basi, alidanganya."

"Alidanganya. Na mwoshaji hakudanganya, juu hakuna muntu alimuomba. Père, yule mutoto ako na fundo yake, ya kushoto, haifanani na ya muntu mungine. Hata leo anaifunga. Mademoiselle aliingia, akaona fundo tano za ajabu ku karatasi ya kliniki. Hakuuliza. Aliinama akatazama kamba ya viatu. Fundo ni ile ile. Akajua nani alifungula chupa, na juu ya nini mutoto anatetemeka. Akazibeba zile tano, akamwanga, akaleta za muzuri, na akaandika ni yeye."

Dirk alitazama yale maneno mekundu. "Na akafokewa."

"Akafokewa."

Berthe alilivuta tena daftari la ziara la Thérèse. Akageuza kurasa hadi Januari, akasoma peke yake, na Dirk akaona mkono wake ukienda mdomoni. Alipomaliza alirudi ukurasa wa kwanza kabisa, ule wa kanuni zilizochapwa, ambao hakuna anayeusoma. Alisoma kanuni ya nne mara mbili.

"Nakala za kurasa hizi sita," alisema hatimaye. "Na muhuri ku kila moja, père. Bibi yangu haamini maneno ya mdomo."

Dirk aligonga muhuri mara sita. Ya mwisho aliigonga taratibu.

*

Saa kumi jioni Keren alikuwa amewasha taa ya kitandani. Uji ulikuwa umeganda. Alikuwa ametengeneza mwingine.

Berthe alizipanga nakala juu ya blanketi moja moja, kama alivyokuwa akipanga vielelezo mbele ya hakimu. Kwanza mizani. Greta, aliyesoma safu kama zile maisha yake yote, hakuhitaji msaada. Kidole chake kilikwenda chenyewe.

"Mia moja sabini," alinong'ona. "Aliongeza mia moja sabini."

"Siku tano baada ya maji yako, maman. Alikunywa chupa moja hafifu. Sikufichi, ile moja alikunywa. Tano hakukunywa." Akamwekea ukurasa wa Thérèse na ule wa mwoshaji, akaeleza fundo, na viatu, na mia moja na moja.

Bibi alisikiliza akiwa ameshika ncha ya blanketi. Alipoyafikia yale maneno mekundu, aliyasoma mara mbili. "Bamutukana juu yangu?"

"Juu yako. Na hakukutaja."

"Alafu Constant alikufa na nini?"

"Coqueluche. Walikufa watoto watano. Haikutoka ku chupa."

Greta hakulia. Alitazama dirishani, ambako taa za barabarani zilikuwa zimewaka. "Donc haikuwa miye," alisema, kama mtu anayejaribu kiatu kisicho chake.

Berthe angeweza kuishia hapo. Nakala ya tano ilikuwa bado mkononi mwake. Keren aliona jinsi alivyoishika, akatikisa kichwa kidogo: maman, acha. Lakini bibi naye alikuwa ameiona.

"Ile ni nini?"

"Ni neno ya mama yako. Ukitaka, nasoma. Ukikataa, naweka mu sakoshi."

"Soma."

"*11 Januari. Nambari 31 amefariki alfajiri. Mama anasema ameua yeye: tarehe 18 alikosa mizani kwa sababu alipata kazi ya kufua, na anasema mizani ingeona ugonjwa mapema. Nimemwambia kifaduro hakiulizi mizani. Hasikii. Anamwomba mtoto msamaha.*"

Kipasha joto kilikuwa kikitoa sauti ya maji. Greta aliigusa nakala kwa kidole.

"Hakuwa ananingojea."

"Hapana, maman."

"*Pardon, Constant.* Alikuwa anasema juu yake mwenyewe. Miaka makumi ine ndani ya nyumba moja, yeye mu chumba yake, miye mu yangu." Alivuta pumzi. "Juu ya mizani moja. Na miye, kule Jadotville, mwanamuke akikosa mizani, nilimutukana mbele ya bote. Nilibaambia: *unataka kuua mutoto?* Miaka ishirini na nane nilibaambia ile neno."

"Najua," Berthe alisema. "Mama yangu alikuwa anasimama mu ile foleni. Sijue kama ni weye ao mungine. Alikuwa anaogopa ile mizani kupita radi."

Greta alimgeukia, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Eko?"

"Alikufa, maman. Zamani."

"Basi hakuna muntu wa kuomba."

"Omba miye."

Akaomba. Ilikuwa sauti ndogo sana, na Keren aliondoka chumbani akajidai anatafuta kijiko. Berthe aliitikia, akaushika mkono ule mwepesi. Keren aliporudi na kijiko, bibi alifungua mdomo. Alikula vijiko vitatu, cha nne akakisukuma, na hakuna aliyemlazimisha.

"Sasa andika," Greta alisema. "Uandike ya kweli."

Berthe aliandika nusu ukurasa: jina, tarehe, chupa, mizani, ugonjwa. Akatia sahihi. Greta akatia yake chini, herufi zikipanda mlima. Kisha Berthe alifunga kalamu.

"Imebaki neno moja. Ile chupa ya mulangoni." Alitoa nakala ya sita. "Kanuni ya ine. *Mama anayehitaji ziara nje ya zamu yake aweke kizingitini, kabla ya mapambazuko, chupa tupu, safi, iliyofunikwa. Muuguzi ataiona anapopita.*"

Bibi aliisogeza nakala ile karibu na taa.

"Na kuko musitari sikukusomea. Ile ile tarehe kumi na moja. *Msichana yuko chini ya meza, hatoki. Nimemwambia nitarudi.*"

"Aliingiza kichwa chini ya meza," Greta alisema polepole. "Alikuwa na kofia ya bluu. Alisema, *Greta, nitarudi.* Nilijua akirudi nitamuambia yote. Kesho niliweka chupa. Na kesho yake. Mama akauliza chupa inafanya nini mulangoni, akaitosha. Sasa niko peke yangu, hakuna muntu wa kunikataza. Nasikia siku yangu inakaribia, naweka tena." Alicheka kidogo, bila furaha. "Nilijua hatakuya. Siko wazimu. Lakini juu ya nini hakurudia?"

"Ilikuwa sheria yao, iko ku ukurasa ile ile ya kanuni. Nyumba isiyo na mutoto chini ya mwaka mumoja inatoka ku ziara. Constant alikufa, bakafuta nambari. Barabara yenu haikuwa tena ku karatasi yake."

"Miye sikuwa na nambari."

"Hapana, maman. Hukuwa nayo."

Keren alimfunika miguu. Berthe alikusanya nakala, akaziacha zile za Thérèse juu ya meza ndogo, karibu na miwani ya bibi, zipate kuonekana. Alivaa koti. Alipofika mlangoni alisikia blanketi likichakarika, na sauti ikamfuata, ya mtoto kuliko ya mzee.

"Maman Berthe. Utarudia kesho? Niambie tu: niweke chupa, ao utakuya bila chupa?"